Kurudisha funguo za nyumba kwa benki hakumalizi deni Uhispania

WALIPOSHINDWA kulipa mikopo ya nyumba zao za ufuoni nchini Uhispania baada ya mwaka 2008, baadhi ya Waingereza walichukua hatua waliyodhani ni ya kiungwana. Walitia funguo ndani ya bahasha, wakaipeleka kwa benki, kisha wakapanda ndege na kurejea makwao.

Wengi waliamini kwamba benki ikishaitwaa nyumba haitakuwa na la kudai zaidi. Baadaye wakaanza kupokea barua za mahakama zilizoandikwa kwa Kihispania, zikiwadai makumi ya maelfu ya yuro kwa nyumba ambayo haikuwa yao tena.

Kosa lao halikuwa kushindwa kulipa tu, kwani hilo lilimpata hata Mhispania aliyezaliwa na kulelewa Malaga. Kosa lilikuwa kudhani kwamba funguo zinaweza kulipa deni. Katika sheria za Uhispania, funguo hazilipi chochote.

Ili kuelewa jinsi watu hao walivyojipata katika hali hiyo, ni vyema kurejelea miaka ya neema. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka 2007, bei za nyumba nchini humo zilipanda bila kusita. Katika maeneo ya Costa del Sol, Costa Blanca na Murcia, ardhi iliyokuwa mashamba iligeuka mitaa ya nyumba za likizo zenye vidimbwi vya kuogelea na viwanja vya gofu. Mnamo 2006 pekee, ujenzi wa zaidi ya nyumba 700,000 ulianzishwa kote nchini.

Waingereza walikuwa mstari wa mbele miongoni mwa wanunuzi wa kigeni. Pauni yao ilikuwa na nguvu, ikibadilishwa kwa takriban yuro 1.45 mwaka 2007. Mstaafu aliyemiliki nyumba Uingereza aliweza kuiweka rehani apate malipo ya awali, nayo benki ya Uhispania ikamkopesha sehemu kubwa ya pesa zilizosalia. Madalali waliwahakikishia wateja kwamba nyumba ingejilipia yenyewe kwa kodi ya watalii, na kwamba mambo yakienda mrama ingeuzwa kwa faida.

Mambo yalikwenda mrama kwa wakati mmoja. Mikopo mingi ya nyumba Uhispania ilitozwa riba inayopanda na kushuka kwa kufuata Euribor, yaani kiwango ambacho benki za Ulaya hukopeshana. Wastani wa kiwango hicho kwa mkopo wa mwaka mmoja ulipita asilimia 5.3 Julai 2008, na awamu za malipo zikapanda nacho. Riba ilipoanza kushuka, pauni ilikuwa imeporomoka. Kufikia mwisho wa Desemba mwaka huo, pauni moja ilikaribia kuwa sawa na yuro moja.

Kwa mstaafu anayelipwa pensheni kwa pauni, hilo lilikuwa pigo ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemtahadharisha. Awamu ya yuro 1,000 kwa mwezi, ambayo mwaka 2007 ilimgharimu pauni 690 hivi, sasa ilihitaji karibu pauni 980. Hakuwa amekopa zaidi, wala benki haikuwa imebadilisha neno lolote katika mkataba.

Nyumba nazo hazikununulika. Bei zilizidi kuteremka hadi mwaka 2014, zikawa zimepungua kwa zaidi ya asilimia 30 kutoka kilele chake. Hali ilivyokuwa inadhihirishwa na uwanja wa ndege wa Castellón, uliojengwa ili kuwaleta watalii na wanunuzi katika pwani ya mashariki. Ulizinduliwa kwa shangwe Machi 2011 bila ndege hata moja, na safari za kawaida za abiria hazikuanza hadi Septemba 2015.

Aliyekuwa na nyumba ya likizo katika mazingira hayo, yenye deni kubwa kuliko thamani yake, aliona njia moja tu ya kujinasua: airudishe kwa benki.

Huenda dhana hiyo ilitokana na habari za Marekani. Katika jimbo la California, kwa mfano, sheria inamkinga mtu aliyekopa ili anunue nyumba anayoishi. Akishindwa kulipa, aliyemkopesha huishia kuchukua nyumba hiyo, na hawezi kumfuata kwa pesa zilizopungua baada ya kuiuza. Nchini Marekani ndiko pia ulikozoeleka msemo kuhusu barua inayolia njuga kwa sababu ya funguo zilizomo. Lakini hata huko si majimbo yote yaliyo na kinga hiyo.

Uhispania inafuata msimamo tofauti kabisa. Kifungu cha 1911 cha Sheria ya Kiraia ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1889, kinasema kwamba mdaiwa anawajibika kwa mali yake yote, aliyo nayo sasa na atakayoipata baadaye. Sheria ya Rehani nayo, katika kifungu cha 105, inakariri kuwa kuweka nyumba rehani hakupunguzi wajibu huo. Kwa lugha nyepesi, nyumba ni dhamana ya ziada tu. Anayedaiwa hasa ni mtu mwenyewe, pamoja na mshahara wake, akaunti zake na urithi atakaoachiwa na mamake.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 140, inaruhusu benki na mteja kukubaliana tangu mwanzo kwamba deni litaishia kwenye nyumba. Ni ruhusa nzuri kwenye karatasi, ila benki hazikuwa na sababu ya kuitoa, na wateja wengi hawakujua kwamba wangeweza kuiomba.

Hesabu ya kubuni inaweza kuonyesha uzito wa jambo hili. Mtu alinunua nyumba iliyothaminiwa kwa yuro 250,000, akakopa 200,000. Alipoacha kulipa, deni lilikuwa yuro 190,000. Benki ilikwenda kortini, na kufikia siku ya mnada riba ya kuchelewa pamoja na gharama za mawakili zilikuwa zimeongeza yuro 20,000. Jumla ikawa 210,000.

Mnada ukafanyika na hakuna mnunuzi aliyejitokeza, jambo lililokuwa la kawaida wakati huo. Sheria iliyokuwapo mzozo ulipoanza iliiruhusu benki kuichukua nyumba kwa nusu ya thamani iliyoandikwa kwenye mkataba, yaani yuro 125,000. Mtu huyo alibaki bila nyumba, na bado akidaiwa yuro 85,000. Msomaji aliyezoea kuona matangazo ya minada magazetini ataona kwamba mshindi hapa alikuwa mdai mwenyewe, ambaye alinunua kwa bei nafuu kisha akaendelea kudai.

Bahari haikuwa kizuizi pia. Uingereza ilipokuwa mwanachama wa Muungano wa Ulaya, hukumu ya madai iliyotolewa na mahakama ya Uhispania ingeweza kutekelezwa Uingereza kwa mujibu wa kanuni za Muungano huo, bila kesi kusikizwa upya. Benki ikishasajili hukumu, ingeomba mahakama ya huko iweke zuio kwenye nyumba ya mdaiwa ya London au Leeds. Nyumba ya likizo iliweza hivyo kuhatarisha makao ya kudumu. Waliotiwa saini kama wadhamini, mara nyingi wazazi au ndugu, walikuwa katika hatari hiyohiyo.

Ipo hata hivyo njia halali ya kurudisha nyumba na deni likafa. Wahispania huiita dación en pago, yaani kutoa mali iwe ndiyo malipo. Mwenye nyumba anaihamishia benki umiliki, nayo benki inakiri kwamba imelipwa kikamilifu. Tofauti kati ya njia hii na bahasha ya funguo ni moja: benki lazima ikubali. Ni mapatano ya pande mbili, si haki ya mkopaji.

Kwa nini benki ikubali hasara? Wakati mwingine kukubali ni hasara ndogo. Kesi ya kunadi nyumba huchukua muda mrefu, na katika miaka ya mzozo mahakama zilijaa faili za aina hiyo. Wakati kesi ikiendelea nyumba huchakaa, maji na umeme hukatwa, wavamizi huingia, na ada za mtaa hulimbikizana. Isitoshe, mdaiwa anayeishi ng'ambo na asiye na mali nyingine ni vigumu kumkamua. Benki ikipima haya yote, inaweza kuona heri kuipokea nyumba ikiwa safi na tupu kuliko kusubiri.

Kwa upande mwingine, benki hukataa inapojua kwamba mteja ana mali ya kutosha kwao, au inapokuwa tayari na mamia ya nyumba zisizouzika katika ufuo huohuo. Hukataa vilevile ikiwa nyumba ina madai ya watu wengine yaliyosajiliwa baada ya rehani yake. Mnada wa mahakama huyafuta madai hayo, ilhali makubaliano ya hiari huyaacha palepale na kuyahamishia kwa benki. Hii ndiyo sababu benki nyingi huchunguza sajili ya ardhi kabla hazijaanza mazungumzo yoyote.

Kwa mintarafu hiyo, anayetaka kufuata njia hii hushauriwa aanze mapema, kabla malimbikizo hayajawa mengi na kabla faili haijafika kortini. Huandika ombi rasmi, akiambatisha ushahidi wa mapato yake na sababu za kushindwa. Kwanza benki humpa mapendekezo mengine: kulipa riba pekee kwa kipindi fulani, kurefusha muda wa mkopo, au kuuza nyumba kwa bei ya soko huku benki ikisamehe kiasi kilichopungua. Pendekezo hili la mwisho halipaswi kudharauliwa, kwani akipatikana mnunuzi matokeo kwa mdaiwa huwa yaleyale.

Benki ikikubali, itamtaka mteja athibitishe kwamba hadaiwi kodi ya mwaka ya nyumba inayotozwa na manispaa wala ada za jumuiya ya wamiliki. Ada hizo ndizo hulipia usafi, lifti na kidimbwi cha pamoja, na mtu aliyekwama huwa ndizo za kwanza kuacha kulipa. Hilo ni kosa linaloeleweka, lakini huweza kuvuruga mapatano yote dakika ya mwisho, maana sheria humbebesha mmiliki mpya sehemu ya malimbikizo hayo.

Uhamisho hufanywa mbele ya notario, afisa wa umma ambaye huthibitisha mikataba ya mali nchini humo. Asiyeweza kusafiri anaweza kumpa mtu mwingine mamlaka ya kutia saini kwa niaba yake, mradi hati ya mamlaka iwe imethibitishwa katika nchi anakoishi na kubandikwa muhuri wa Mkataba wa Hague wa mwaka 1961.

Kiini cha jambo zima kimo katika maneno machache ya hati hiyo. Ni sharti yaseme waziwazi kwamba deni lote, yaani mtaji, riba, riba ya kuchelewa na gharama, limezimika, na kwamba benki haina dai lingine dhidi ya mkopaji na wadhamini wake. Hati ikisema nyumba imepokewa kwa kiasi fulani cha pesa bila kutaja kwamba salio limefutwa, basi salio lipo. Ahadi ya mdomo ya meneja wa tawi, hata akiwa mtu wa tabasamu na kahawa, haina nguvu yoyote siku benki itakapoliuza deni hilo kwa kampuni nyingine.

Wakili huhitajika pia kwa sababu nyingine. Mikataba mingi ya enzi hiyo ilikuwa na kipengele kilichozuia riba kushuka chini ya kiwango fulani hata Euribor ilipoporomoka. Mahakama ya Juu ya Uhispania iliamua Mei 2013 kwamba vipengele visivyowekwa wazi kwa mteja havikubaliki, na Desemba 2016 Mahakama ya Haki ya Muungano wa Ulaya ikaamua kwamba wateja warudishiwe pesa zote walizotozwa kimakosa. Anayetia saini hati ya kurudisha nyumba bila kuisoma anaweza kuwa anasamehe madai yake mwenyewe.

Kodi nazo hazisahau. Mmiliki asiyeishi Uhispania anapohamisha nyumba, anayeipokea hutakiwa kuzuia asilimia 3 ya bei na kuiwasilisha kwa mamlaka ya ushuru. Lakini hapa hakuna pesa zinazobadilisha mikono, hivyo hutokea mvutano kuhusu atakayezitoa mfukoni. Kuna pia kodi ya manispaa inayotozwa kwa kuongezeka kwa thamani ya ardhi ya mjini. Kwa miaka mingi kodi hii ilitozwa kana kwamba ardhi hupanda thamani daima, hata kwa aliyepata hasara. Mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ilitangaza kwamba si halali kumtoza mtu ambaye hakupata faida, na baada ya uamuzi mwingine wa Oktoba 2021 serikali ililazimika kubadilisha namna ya kuikokotoa.

Wahispania wenyewe hawakukaa kimya. Mwaka 2009 kundi la waathiriwa wa rehani, linalofahamika kwa ufupisho PAH, liliundwa jijini Barcelona. Msemaji wake, Ada Colau, alikuja kuwa meya wa jiji hilo kuanzia 2015 hadi 2023. Kundi hilo na washirika wake walikusanya sahihi zaidi ya milioni 1.4 wakitaka kurudisha nyumba kuwe malipo kamili kwa nguvu ya sheria, na hata kwa mikopo ya zamani. Bunge halikukubali matakwa hayo yalivyokuwa.

Badala yake, amri ya serikali ya Machi 2012 ilianzisha kanuni za maadili ambazo benki zilijiunga nazo kwa hiari. Benki iliyojiunga inawajibika kuipangia upya mkopo familia iliyofikia ukingo wa umaskini, na hilo lisipowezekana, kupokea nyumba na kufuta deni. Familia hiyo inaweza kuendelea kuishi humo kama wapangaji kwa miaka miwili. Mwaka uliofuata, sheria nyingine ilipandisha hadi asilimia 70 ya thamani bei ambayo benki ingechukulia nyumba baada ya mnada kukosa wanunuzi.

Sheria hiyo ya Mei 2013 ilisukumwa na uamuzi uliotolewa miezi miwili awali na Mahakama ya Haki ya Muungano wa Ulaya katika kesi inayojulikana kwa jina la Aziz. Mkopaji alikuwa mhamiaji kutoka Morocco aliyekuwa amekopa yuro 138,000 mwaka 2007 na kufukuzwa nyumbani mwaka 2011. Mahakama ilisema ni kinyume cha haki za wateja kwa hakimu kukosa uwezo wa kusimamisha mnada wakati vipengele vya mkataba vinapopingwa.

Nafuu kubwa kati ya hizi, hata hivyo, zilikusudiwa nyumba ambayo mtu anaishi na familia yake. Mwenye nyumba ya likizo aliachwa nje ya kanuni za 2012 na pia nje ya kiwango kipya cha asilimia 70. Ni vigumu kuilaumu serikali kwa kutanguliza waliokuwa wakilala barabarani. Lakini miongoni mwa wageni hao wamo waliotia akiba yao yote ya uzeeni katika vyumba viwili karibu na bahari, na kwao neno likizo limepoteza maana.

Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2019 ilileta mabadiliko yanayowagusa hata hao. Kwa sasa benki haiwezi kudai mkopo wote kwa mpigo kwa sababu ya kukosa awamu chache. Katika nusu ya kwanza ya muda wa mkopo, malimbikizo lazima yafikie awamu 12 za mwezi au asilimia 3 ya pesa zilizokopwa. Katika nusu ya pili ni awamu 15 au asilimia 7. Riba ya kuchelewa nayo haizidi ile ya mkataba kwa zaidi ya pointi tatu. Tangu 2015 ipo pia sheria ya kumpa mtu aliyefilisika nafasi ya pili, ingawa hufaa zaidi wale ambao maisha na shughuli zao ziko Uhispania.

Kuondoka kwa Uingereza katika Muungano wa Ulaya kuliwapa wadaiwa wengine matumaini kwamba madeni yangebaki ng'ambo. Kanuni za zamani za kutekeleza hukumu zilikoma kwa kesi mpya mwishoni mwa Desemba 2020, na kwa miaka michache kazi ya benki ilikuwa ngumu kidogo. Dirisha hilo limeanza kufungwa. Mkataba wa Hague wa 2019 kuhusu kutambua hukumu za nchi nyingine ulianza kutumika katika Muungano wa Ulaya Septemba 2023, na Uingereza Julai 1, 2025, kwa kesi zilizoanzishwa baada ya tarehe hiyo.

Kwa aliyefaulu kupata makubaliano, kazi haiishi kwa notario. Benki isipochangamka kusajili uhamisho, jina la mmiliki wa zamani linaweza kuendelea kuonekana katika sajili, na bili za manispaa na za jumuiya zikaendelea kumfuata. Ndiyo maana mawakili huwaambia wateja wao waombe nakala fupi ya sajili ya nyumba, inayoitwa nota simple, wiki chache baada ya kutia saini. Hutolewa kwa ada ndogo na huweza kuagizwa kwa intaneti. Huonyesha mmiliki ni nani na kama rehani bado ipo. Nakala hiyo, pamoja na ile ya hati ya notario, huwekwa mahali salama, kwa kuwa madeni ya zamani yameuzwa kwa mifuko ya uwekezaji ambayo wakati mwingine huandika barua za kudai bila kujua mteja alikubaliana nini na benki ya kwanza.